Chombo cha Kurudia

Vumbi lilitanda juu ya mtaa wa Al Mankhool, vumbi jepesi, vumbi lisilotulia, na jua la adhuhuri likapenya ndani yake kwa rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa Oktoba, mwaka 2018. Nilikuwa nakulisha supu, Babu Hafiz, na wewe supu huitaki. Macho yako yote kwenye televisheni.

Mimi Justine wa Kakamega, mlezi wako kwa mwaka wa tatu. Wewe Mzanzibari uliyezeekea Dubai, fundi wa ndege miaka arobaini: mikono inatetemeka, lakini jicho bado linaijua injini inayougua.

Roketi ya Warusi ikapaa na watu wawili kwenda kituo cha angani. Ikapaa, ikapaa, kisha ukasema, "Lahaula! Imeharibika." Mtangazaji mwenyewe hajajua bado. Tukangoja. Kijiko mkononi, supu ikipoa, tukangoja, hadi ikatangazwa kwamba wawili wale wametua salama nyikani.

Wala hukutulia. "Na wale watatu walioko juu? Kituo chenyewe kina miaka ishirini, kimechoka kama mimi. Wamarekani nao hawana chombo chao cha kupeleka watu, miaka saba sasa. Wote wanategemea hicho kimoja cha Warusi. Kikikwama, khalas."

"Sasa watashukaje, Babu?"

"Wanacho cha kurudia, kimeegeshwa pale pale. Mtu hakai mbali vile bila chombo cha kurudia."

Nikakirudisha kijiko bakulini. Mama yangu alikuwa na siku ya tisa hospitalini Kakamega, na pasipoti yangu imo kabatini kwa binti yako, madam Ghada, tangu siku niliyoshuka uwanja wa ndege. Mara mbili nimeomba. Mara mbili nimeambiwa inshallah.

Ukanitazama. "Na chako kiko wapi, mwanangu?"

Nikakwambia yote.

Jioni madam alipoingia, sikumngoja hata avue viatu. "Madam, naomba pasipoti yangu."

"Na baba atatizamwa na nani?"

"Mpe, Ghada," ukasema. "Ni yake."

Akavua viatu, kimoja kimoja. Kisha akaenda kabatini.

Siku ya tatu nilikuwa Kakamega. Mama alikuwa ameketi kitandani wodini, amekonda, mzima. Alinishika uso kwa mikono miwili, akacheka, akalia, kisha akauliza, "Na huyo mzee wa watu, umemwachia nani?"

Nikatoka uani, nikapiga Dubai. Simu ikaita, ikaita.