Mtungi Ulionyamaza

Mkamwana alipoingia sebuleni asubuhi, matumbawe yote kwenye tangi la kioo yalikuwa yamejikunyata na maji yake yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Baba mkwe alikuwa anarudi leo kutoka kupasuliwa macho, na alikuwa amemwachia kitu kimoja tu akitunze: matumbawe ya marehemu mama mkwe.

Kosa alilijua. Kando ya tangi ulisimama mtungi wa vipande vya matumbawe makavu. Gesi ya kaboni inayoingizwa humo huviyeyusha polepole, na maji yenye chokaa hiyo hudondokea tangini kuyalisha yaliyo hai. Aliagizwa vikipungua aongeze vingine kutoka kwenye kopo, basi. Lakini yeye, mjuaji wa jikoni, aliona vikubwa mno, vitayeyuka lini? Akavitwanga. Sasa unga mwingine umevujia tangini, uliobaki umegandamana kama uji uliolala, maji hayapiti, na gesi inazidi kububujika humo ndani. Aliogopa hata kugusa koki, asije akayamaliza kabisa.

Mumewe alimleta mzee, akamkalisha kitini, akarudi garini kuchukua mizigo. Mzee alikuwa na bandeji machoni. Haoni, mkamwana akajipa moyo.

Mzee akainamisha kichwa upande wa tangi.

"Mbona umenyamaza?"

"Nani, baba?"

"Mtungi. Sisikii ukidondosha."

"Nilivitwanga vile vipande, baba. Nimeyaua ya mama."

Mkamwana akaanza kulia.

"Funga gesi kwanza. Koki ya juu." Akafunga. "Umwage huo uji, usuuze, utie vipande vizima, ukubwa wa maharage, maji yapate pa kupita." Kisha akashusha sauti, maana buti la gari lilikuwa limeshafungwa nje na mwanawe angeingia wakati wowote. "Mama yenu naye alitwanga. Yakafa yote."

"Na haya je?"

"Niliyanunua haya alipokwenda kwa dada yake. Aliporudi akayasalimia moja moja, kama kawaida yake. Nikashindwa kumwambia, hadi namzika."

Akapapasa hewani hadi akaupata mkono wa mkamwana.

"Siyo yake, mwanangu. Lakini ndiyo aliyoyasalimia. Usiache yafe."