Mlinzi wa Maji Kupwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua saluni yake Kensington, Johannesburg, Arlène alimpitia jirani yake Mama Hyasinta, na wawili hao wakateremka hadi mto Jukskei kutazama ndege. Mama Hyasinta alibeba darubini ya marehemu mumewe, mpigania uhuru aliyemwoa Morogoro akamleta huku Afrika Kusini nchi ilipofunguka. Arlène alibeba chupa ya chai. Ilikuwa mwisho wa Agosti mwaka 2017, baridi haijataka kuondoka, na moshi wa nyasi zilizochomwa umelala juu ya mabati.

Mto ulikuwa umeanza kujaa na kupwa tangu Juni. Kutoka Johannesburg hadi baharini ni safari ya basi ya mchana kutwa, tena ya kuteremka milima, lakini maji ya chumvi yalipanda hivyo hivyo, yakapita chini ya madaraja na kuacha kaa kwenye mitaro. Watu walinung'unika wiki moja, wakazoea. Madereva wa teksi walijua saa za kukwepa barabara ya chini. Manispaa iliweka kibao cha kukataza kuogelea, utadhani kuna mwendawazimu wa kuogelea Jukskei kwenye kipupwe.

Pamoja na maji walikuja ndege. Mama Hyasinta, mzaliwa wa Mtwara, aliwatambua kama mtu anavyowatambua watu wa kwao: chekeamwezi, sululu, membe, na heroe wachache waliosimama kwa maringo kwenye tope nyuma ya ghala la marumaru. Na katikati yao, kila maji yalipokupwa, alisimama Ruphin, mume wa Arlène, tope likimfika magotini, amevaa sare yake ya ulinzi na tochi mkononi. Wapita njia walimsalimia. Arlène alikuwa amemwita mara nyingi kutoka ukingoni. Ruphin humpungia tochi na kubaki pale pale.

Ruphin alikuwa mlinzi wa lile ghala. Mafuriko ya Novemba iliyopita yalimkuta getini. Alipiga redio kuomba ruhusa ya kuondoka, akajibiwa abaki mpaka apokelewe, maana mlinzi haachi lindo mpaka mwenzake afike na kutamka, "Nimekupokea." Aliyefika ni mto. Maiti haikupatikana, na kampuni ikasema ametoroka kazini, ikamfukuza. Ukoo wake kule Uvira, Kongo, ukasikia hilo, ukakataa kuweka matanga: mwanamume aliyekimbia mkewe haliliwi. Tangu hapo Arlène hakuwa mke wala mjane, na hiyo ilimuuma kuliko kifo chenyewe. Alitaka jambo moja tu, kampuni ikiri kwamba mumewe alifia kazini, ili naye akae chini amlilie kama watu wanavyoliliwa.

"Leo naona amekonda," Mama Hyasinta alisema, akimpa darubini.

"Ni baridi, Mama."

Jumamosi hiyo Arlène alikuwa amemwita Emery, msimamizi wa walinzi, Mkongo mwenzake, ambaye ndiye aliyejibu redio siku ile. Emery alikuja na viatu vilivyong'arishwa. Alitazama kwa darubini muda mrefu, akaona sare, akaona namba ya kazi kifuani, akaona membe aliyetua begani.

"Njo yeye, ni Ruphin mwenyewe," alisema.

"Basi uwaambie ba-patron kwa biro ya kampuni. Ruphin hakukimbia. Alikufa kazini."

"Alikufa namna gani, ma sœur? Si unamuona amesimama?" Emery alirudisha darubini. "Nitawaambia iko mzima, anashinda mtoni na ndege." Akafikiri kidogo. "Na ile uniforme ni ya kampuni. Atairudisha."

"Wewe mtoto una roho kweli?" Mama Hyasinta alimwuliza. "Kampokee mwenzio akapumzike. Neno moja tu."

Emery akainamia viatu vyake. Kumpokea Ruphin kungekuwa kukubali kwamba hakuwahi kuacha lindo, na hapo kampuni ingeuliza ni nani aliyemwamuru abaki. Emery alikuwa na watoto shuleni na kibali cha kuishi kilichokaribia kwisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake ulitosha.

"Eish, Mama," alisema, akapanda kwenda kwenye gari lake.

Maji yalianza kujaa tena. Arlène alivua viatu, akapandisha kitenge, akaingia topeni. Ndege walimpisha. Ruphin alipomwona anakaribia alitabasamu.

"Nimekupokea," Arlène alisema, akanyoosha mkono achukue tochi. "Toka sasa. Wende ulale."

Ruphin alitikisa kichwa. Alizungumza kwa upole, kama alivyokuwa akimtoa wasiwasi mkewe siku zote.

"Chérie, weye hauko mlinzi. Bakikukuta hapa batanifukuza kazi, na baridi hii tutakula nini?"

Maji yalimfika Arlène mapajani. Kule ukingoni Mama Hyasinta alikuwa akimwita arudi. Arlène alimnyooshea mumewe kola, akamfuta tope shavuni kwa ncha ya kitenge.

"Haya," alisema. "Kazi njema."

Hakumwambia kwamba walishamfukuza.