Viti Vilibaki Sebuleni

Kiti cha kwanza nilichokitoa kilikuwa changu mwenyewe. Nilikishika mgongo, nikavuka nacho kizingiti cha banda, nikakiweka uani kwenye manyunyu, katikati ya matope ya mashamba ya Ardennes, nikarudi kuchukua kingine. Wanawake kumi na kitu wa Kizungu walinitazama. Mezani, kati ya mishumaa na matofaa, sanamu ya udongo ya mungu wao wa kike ilinielekea nayo, ingawa haikuwa na uso. Mdogo wangu Ornella alikuwa bado ameketi, jiwe mkononi, mdomo wazi.

Kwetu Bukavu nyumba yenye msiba hujulikana kwa viti. Mtu akifa, kabla hata maji hayajachemka, vijana hutoa kochi, meza na kila kitu kinachomfanya mtu akae juu. Wanawake hukaa chini, kwenye mikeka na magodoro, miguu wameinyoosha, mpaka siku matanga yanapovunjwa. Hata hapa Brussels, kwenye maghorofa yetu ya Schaerbeek yenye ngazi nyembamba, viti tunavitoa na kuvirundika mbele ya milango ya majirani. Majirani wamezoea.

Mtoto wa Ornella alipokufa, viti havikutolewa.

Alizaliwa kidogo kabla ya wakati wake, na nywele zake na kucha zake, bila pumzi. Mtoto wa namna hiyo, kwa desturi yetu, hana matanga. Huzikwa na wanawake watu wazima, haraka, bila wimbo, na aliyemzaa haendi. Machozi yake, wanasema, yatamfunga tumbo. Kwa hiyo Ornella akiwa bado amelazwa, mama yetu, Maman Régine, alikwenda makaburini na shangazi zetu, akarudi, akanawa mikono, akapika wali. Ornella alipotoka hospitali akakuta sebule ni ile ile: kochi mahali pake, viti mahali pake, Maman kwenye kiti chake cha dirishani.

"Maji imemwangika," Maman alimwambia, "lakini mutungi haiyapasuka. Usilie, mutoto yangu. Kula."

Ornella akala. Akarudi kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee kule Etterbeek. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kuketi nasi, akaitikia ndiyo kwa kila jambo, na kila Jumapili nguo zilimpwaya zaidi. Siku moja mumewe, Rigobert, alinipigia simu; yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo anavyoniita.

"Yaya Émérance, Ornella haongee tena. Anapika, anafua, analala. Miezi yote hii hajatoa hata chozi moja. Minaogopa, yaya. Iko anaondoka mbele ya macho yangu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maman aliipenda sana methali hiyo. Aliisema juu yangu, juu ya kaka yetu aliyebaki Kivu, juu ya kila mtu. Hakuna aliyekumbuka kwamba Ornella naye alikuwa mzazi.

Martine, mwenzake wa kazini, ndiye aliyemwalika kwenye wikendi ile mashambani. Wanawake peke yao, alisema, wanakwenda kumtafuta mungu wa kike, wanacheza, wanaongea, wanapumzika. Ornella, ambaye hakuwa ametaka kitu chochote tangu hospitali, alisema anataka kwenda. Maman nusura adondoshe kikombe.

"Mungu mwanamuke? Yesu wangu! Donc, kumbe Mungu ameoa, na sisi hatukualikwa?" Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa kila balaa la nyumba ile lazima liishie kwangu. "Émérance, utaenda naye. Na mafuta ubebe."

Mafuta yenyewe ni ya upako, kichupa alichokiombea mchungaji. Nikakitia mkobani pamoja na Biblia na soksi nzito, nikaenda kumlinda mdogo wangu.

Ijumaa jioni walicheza pekupeku kwenye nyasi zilizolowa, wakaita pepo za pande zote nne. Mimi nilikaa mlangoni, Biblia magotini, mchungaji wa kondoo mmoja. Kiongozi wao, Anne-Lise, mwanamke wa mvi na buti za mpira, hakunisumbua hata kidogo. Aliniletea supu ya maboga na blanketi, nami nikamchukia kidogo kwa wema ule, maana nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Jumamosi asubuhi walipanga viti bandani kwa duara. Jiwe la mtoni lilipitishwa mkono kwa mkono, na aliyelishika alitaja mzigo aliokuja kuutua. Mmoja akaitua ndoa yake. Mwingine, mnene mwenye sauti nzuri, alimtaja mbwa wake aliyekufa wakati wa Pasaka. Akalia kwa kwikwi, na wenzake wakalia naye, wakamshika mabega. Nilikuwa karibu kucheka. Mara hasira ikanipanda mpaka masikioni: mbwa wa mtu amepata matanga, na mtoto wetu hana.

Jiwe likamfikia Ornella.

"J'ai eu...", yaani nilikuwa na, alianza, akakwama. Akaanza tena, hakikutoka kitu.

Anne-Lise akamwambia polepole asiwe na haraka, mungu wa kike anasubiri. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameketi wima, magoti ameyabana, vile vile alivyoketi sebuleni kwetu kila Jumapili, na nikajua kwamba juu ya kiti kile hatalia hata wangesubiri miungu wote. Hatukulelewa hivyo. Sisi hatujui kulia tukiwa tumekaa juu.

Basi nikasimama, nikatoa cha kwangu, kisha cha Martine, ambaye aliinuka bila kuuliza. Niliporudia kingine Anne-Lise akanisogelea, akauliza kuna nini.

"Ça ne va pas, madame?"

Nilimjibu kwa Kifaransa, kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia, kwamba kwetu penye maiti hapakai viti. Alimwangalia Ornella. Aliliangalia jiwe lililokuwa mkononi mwake. Kisha akabeba kiti chake mwenyewe akakipeleka mvuani, na wengine wakamfuata. Bibi mmoja mwenye nyonga mbovu nilimwambia abaki na chake. Akakataa, akatandika koti lake sakafuni akajilaza ubavu.

Sanamu sikuigusa. Kwenye msiba mgeni hafukuzwi. Mchungaji wetu aliniuliza baadaye kama ni kweli niliinama mbele ya sanamu, nikamjibu kwamba niliinama, ndiyo, kunyanyua viti.

Nilikaa chini, nikanyoosha miguu, nikamvuta Ornella kando yangu.

"Huyu mutoto alikuwa na jina?" nikamwuliza. Sikulijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

"Bienaimé."

"Muite."

Akamwita. Kwanza kwa sauti ya kumwita mtoto aliye chumba cha pili, kisha kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipoondoka Bukavu, ile inayoanzia tumboni na kumwangusha mwenyewe. Nilimpokea kichwa mapajani, nikaanzisha wimbo wa msiba wa kwetu. Wanawake wale hawakujua hata neno lake moja. Waliguna tu, kila mtu na njia yake. Sijawahi kuusikia wimbo ule ukiimbwa vibaya namna hiyo, wala kuupenda namna hiyo. Kichupa cha mafuta kilibaki mkobani, kimefungwa. Viti vikaloa uani mpaka mchana.

Jumapili Martine alituteremsha mlangoni kwa Maman. Tulimkuta dirishani, bado amevaa kitenge cha ibada. Aliyaona macho ya Ornella yaliyovimba, akanigeukia.

"Bamemufanya nini?"

"Habakumufanya kitu, Maman. Alilia."

"Mbele ya sanamu?"

Ornella akajibu mwenyewe, kabla sijafungua kinywa. "Yaya alitoa biti, Maman. Yote. Tukaikala chini."

Tramu ilipita nje, vikombe vikatetemeka kabatini. Nilingoja karipio: desturi nimeivunja, tena ugenini, tena mbele ya sanamu. Nilikuwa na majibu yangu tayari. Lakini Maman alikuwa akiitazama mikono yake, ile aliyoinawa siku ile.

"Alikuwa na nywele mingi," akasema. "Ni mie nilimubeba mupaka ku shimo, sikumupatia muntu mwingine. Alikuwa na nywele mingi, sawa ya baba yenu. Na nikarudia hapa, nikapika muchele." Akainua macho, na sikuwahi kuyaona vile. "Bon. Mulilia. Na mie, muliniacha wapi?"

 Alijisukuma kwa mikono miwili mpaka akasimama, magoti yakalia, akageuka, akakikamata kile kiti chake cha dirishani ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, akaanza kukikokota kuelekea mlangoni.

Ornella akachukua viti vya mezani. Mimi na Maman tukashika kochi, likakwama kwenye pembe ya mlango, likachuna ukuta. Alama ile ipo mpaka leo, Maman hakubali ipakwe rangi. Tulikuwa tumesimama hivyo, nusu ndani nusu nje, wakati Mzee Kassimu wa ghorofa ya juu, Mrundi wa Bujumbura, alipokuwa akipanda ngazi na mfuko wake wa mikate. Alitazama viti vilivyojaa mbele ya mlango.

"Maman Régine, munahama?"

"Apana, papa Kassimu." Alitua kidogo apumue. "Tuko na mufu."

"Inna lillahi. Ni nani?"

"Mujukuu wangu. Anaitwa Bienaimé."

Mzee Kassimu hakuuliza alikufa lini. Aliweka mikate yake juu ya kiti kimoja, akaja kushika kochi upande wa pili.