Dola Saba za Mkalimani

Jumapili ya pili ya Machi, ibada ilipokwisha, Pasta Balagizi aliwazuia watu wasitoke. Kanisa letu hukodi ukumbi nyuma ya duka la vyakula huko Morse Road, kaskazini mwa Columbus, Ohio. Waumini karibu wote ni Wakongo wa Kivu. Mkenya ni mimi peke yangu.

"Mama Laurentine amenyang'anywa leseni ya gari miezi sita," alisema pasta. "Munajua kazi yake. Asubuhi anaogesha mzee mumoja Westerville, mchana mwingine Gahanna. Kwa basi hafiki. Kampuni imemupa mpaka mwisho wa mwezi wa ine, kisha wanatafuta mutu mwingine. Tumusaidie."

Kikapu kikapita. Nilitia noti ya dola mia moja, na pasta akaitangaza.

"Mkenya ametoa mia!" Aganze, mpiga ngoma, alipaza sauti. "Pasta, iangalie kwanza kwenye mwanga!"

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi. Niliyapokea.

Wakati wa chai Laurentine alinifuata na karatasi mkononi. Ana miaka hamsini na minne, na huniita papa, yaani baba, ingawa amenizidi miaka kumi na mitano. "Papa Mutuku, wewe ulisoma sana. Nisomee hii."

Ilikuwa hukumu ya mahakama ya mji mmoja mdogo nje ya Columbus. Kosa: kupita basi la shule lililosimama. Adhabu: faini na kufungiwa leseni miezi sita. Chini yake palikuwa na gharama za mahakama, mistari minane. Mstari wa sita ulisema: mkalimani, dola saba.

"Basi lilikuwa upande gani?" nikauliza.

Alipanga vikombe viwili mezani. "Basi hii. Miye hii. Yeye anakuja, miye nakwenda. Katikati kuna njia mbili zake na njia mbili zangu."

Njia nne. Kwa sheria ya Ohio, barabara ikiwa na njia nne au zaidi, dereva anayetoka upande wa pili halazimiki kusimama. Hakuwa na kosa.

"Kwa nini hukumwambia jaji hivyo?"

"Kwa Kiingereza gani, papa?"

"Hukuulizwa kama unataka mkalimani?"

"Niliulizwa. Nikasema hapana, asante." Akavuta kiti. "Bon, sikiliza. Pale mulangoni kuna karatasi kubwa ya bei. Minaona *interpreter*, dola saba. Hiyo inafanana na Kifaransa, niliielewa. Nikajiuliza: dola saba ni ya kumuita tu, ama ya kila dakika? Kwetu Bukavu, ukiomba kitu tribinali, unakilipia, na yule aliyekuletea unamulipa pia. Donc nikanyamaza. Nikasema *guilty*, nilipe, niende kazini. Na kumbe dola saba wakanitoza vilevile!" Alicheka mpaka akashika meza. "Nimelipa mutu ambaye sikumuona hata uso."

Niliijua karatasi ya mlangoni. Niliiandika mimi.

Ninafanya kazi katika kampuni ndogo ya ushauri wa fedha za umma. Miaka miwili iliyopita mahakama hiyo ilituajiri tuieleze jinsi ya kuziba pengo la bajeti yake, na kazi nilipewa mimi. Nilikwenda Louisville, kisha Buffalo, ili nilinganishe. Katika majimbo ya miji hiyo, Kentucky na New York, mzigo mkubwa wa mahakama hubebwa na bajeti ya jimbo. Nilipouliza mahali pote pawili nani humlipa mkalimani, nilijibiwa bila mtu kufungua faili: jimbo. Huku Ohio, sehemu kubwa ya gharama za mahakama kama ile huangukia mji au kaunti, na mahakama huweza kuongeza ada juu ya kesi kwa mahitaji yake.

Ukurasa wa thelathini na moja wa ripoti yangu unasema kwamba mahakama inayoishi kwa ada hulishwa na wale walioletwa mbele yake bila hiari. Ukurasa wa thelathini na mbili unapendekeza ada ya dola saba. Kurasa zote mbili zilikuwa sahihi. Mteja wangu hakuwa na uwezo wa kubadili mpango wa jimbo. Alikuwa na uwezo wa kubadili orodha yake ya ada.

Sikutaka anayehitaji mkalimani atozwe peke yake, kwa hiyo niliigawa ada hiyo kwa kila kesi. Nikapendekeza pia orodha ibandikwe mlangoni, kila mtu aone fedha zake zinakwenda wapi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi chini: ada hii hutozwa kila kesi, na kumwomba mkalimani hakuongezi chochote. Sentensi hiyo ilisukuma orodha kwenye ukurasa wa pili. Niliifuta. Nilipenda ukurasa mmoja.

Haya yote yalikuwa wazi kichwani mwangu kabla Laurentine hajamaliza kucheka. Nikamwambia, "Nitakutafutia wakili, mama."

"Mungu akubariki, papa."

Wakili wa msaada wa kisheria niliyempata alikuwa mwanamke kijana mwenye faili nyingi na muda mchache. Aliniambia kwamba kuondoa kukiri kosa baada ya hukumu ni vigumu. Lazima ionekane kwamba dhuluma kubwa imetendeka. Mteja aliyejichanganya mwenyewe ni hoja dhaifu. Tangazo la mahakama lililomchanganya ni hoja yenye nguvu, mradi atokee mtu wa kulieleza.

"Unamjua aliyeliandika?" aliuliza.

Kimya kingeweza kunihifadhi. Bosi wangu alikuwa amekwisha kunikumbusha kwamba mkataba na mahakama ile ungefanywa upya Juni. Nikamwambia wakili ni mimi. Niliandika maelezo ya kiapo, kurasa tatu, na kuambatisha rasimu yenye ile sentensi. Kisha nikamuuliza kama ni lazima Laurentine ayaone.

"Ni kesi yake," alijibu.

"Yako kwa Kiingereza," nikasema.

Alirudi kwenye faili zake. Nilielewa nilichokuwa nimesema. Nilikuwa nikitegemea kwamba Laurentine hataweza kusoma nilichoandika.

Zilibaki Jumapili mbili kabla ya shauri. Ya kwanza nilikaa na Laurentine safu moja, nisimwambie kitu. Ya pili alikuja na kaka yake, Masumbuko, aliyeomba likizo kiwandani Louisville ili amwendeshe kazini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada ameniambia. Asante sana. Kwetu Louisville nilipata kesi ya gari, wakaniletea mukalimani, hakuna aliyetaja bei. Huku Ohio nani alifikiria hii maneno?"

"Mahakama," nikasema.

Haikuwa uongo. Mahakama ndiyo iliyotia sahihi.

Siku ya shauri Laurentine alivaa kitenge cha buluu na koti la kazi juu yake. Mkalimani alikuwa kwenye skrini ukutani: Angelika, Mrundi anayeishi Buffalo, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Jaji alikuwa amesoma maelezo yangu. Nilitumaini hilo lingetosha. Akasema angependa kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Nilisimama nikaapa. Nilisema kwa Kiingereza, polepole, sentensi moja moja. Wakalimani wa mahakama husema "mimi" pale shahidi anaposema "mimi". Ndiyo kanuni yao, na ni kanuni nzuri. Kwa hiyo sauti ya Angelika ilijaza chumba:

"Mimi ndiye niliyeandika tangazo lililoko mlangoni. Rasimu ya kwanza ilieleza kwamba kumwomba mkalimani hakuna malipo. Maelezo hayo niliyafuta mimi mwenyewe, ili tangazo litoshe ukurasa mmoja."

Laurentine aliinua kidole kuelekea skrini. "Ni huyu mama ndiye aliandika?"

Angelika alilazimika kutafsiri hilo pia. Karani aliinamisha kichwa asionekane anacheka.

"Ni mimi, mama," nilisema kwa Kiswahili. "Si yeye. Ni mimi."

"Shahidi atatumia Kiingereza," jaji alisema. Nikarudia kwa Kiingereza, na Angelika akarudia kwa Kiswahili, kwa hiyo Laurentine aliyasikia mara mbili. Aliteremsha kidole. Hakunitazama tena mpaka mwisho.

Jaji alikubali. Hukumu ilifutwa, leseni ikafunguliwa, na kesi ikapangwa kusikilizwa upya Mei, kwa mkalimani. Akaagiza pia tangazo liondolewe mlangoni siku hiyo hiyo. Wakili alimshika Laurentine begani. Mimi nilimalizia kukusanya karatasi ambazo hazikuhitaji kukusanywa.

Kwenye ukumbi wa nje Laurentine alinisubiri.

"Ulijua tangu siku ile ya chai?"

"Ndiyo."

"Na Masumbuko alipokuuliza?"

"Nilijua."

"Juu ya nini hukusema?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote ya kweli. Nilichagua fupi kuliko yote. "Niliona haya."

"Miye nilisimama mbele ya jaji bila kuelewa kitu, watu wote wananiangalia. Na miye niliona haya. Lakini yangu ilinikamata hapo hapo. Wewe ulijichagulia siku ya kuiona, papa. Ukaiandikia na karatasi."

Aliangalia saa. Zamu yake Gahanna ilianza saa saba, Masumbuko alikuwa amerudi Louisville jana yake, na idara ya leseni ilihitaji siku moja au mbili kuingiza amri ya jaji kwenye mashine zao.

"Nikupeleke," nikasema.

"Utanipeleka, ndiyo."

Nilimfungulia mlango wa mbele wa gari. Akaufunga kwa upole, akafungua wa nyuma, akaketi na mkoba magotini kama abiria wa teksi. Tukafika barabara kuu. Kutoka hapo alianza kunielekeza: kushoto, moja kwa moja, kulia kwenye taa. Njia niliijua. Nilifuata kila alichosema.