Mtihani wa Kijiko

Kijiko kilianguka katikati ya chakula cha mchana. Kikagonga vigae, kikaruka, kikagonga tena, kisha kikajizungusha chini ya meza kama mtu anayetafuta upande wa kulalia. Mgahawa mzima ukanyamaza. Binti aliyekiangusha alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, uso wa utakatifu usio na doa, akiwatazama wateja mmoja baada ya mwingine kama hakimu anayesubiri ushahidi.

Alikiangusha makusudi. Hilo na lisemwe mapema.

Nyumbani walimwita Wakili. Jina hilo alilipata shule ya bweni, siku alipowatetea wenzake mbele ya matroni katika kesi ya kengele ya alfajiri, ambayo ulimi wake ulikutwa umevishwa soksi na mtu asiyejulikana. Aliwatetea kwa ufasaha mkubwa, akataja sheria, akataja haki za wanaolala, akamaliza kwa kusema kwamba soksi moja ya mguu wa kushoto haiwezi kumtia hatiani bweni zima. Matroni alimshukuru, kisha akamuuliza amejuaje kuwa ilikuwa ya mguu wa kushoto.

Likizo hii Wakili alikuwa na kesi nyingine, na mshtakiwa alikuwa Babu.

Babu, baba wa mama yake, alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Kabla vipaza sauti havijafungwa pale, yeye ndiye aliyekuwa kipaza sauti. Alisimama kwenye jukwaa akaita treni na miji yake, na abiria aliyesinzia mwisho wa reli aliamka akashika mzigo wake. Sasa masikio yalikuwa yamestaafu, lakini sauti ilikataa katakata kustaafu nayo. Alipoongea, glasi kabatini zilijibu. Aliponong'ona, majirani walijua siri.

Na mtaa wenyewe haukuwa wa kelele. Ulikuwa mtaa wa nyua za michongoma zilizokatwa sawasawa na mageti yaliyotiwa mafuta ili yasilie, mtaa ambao hata mbwa walibweka kana kwamba wanaomba radhi. Miezi michache nyuma, familia ilipokwenda kula kwenye mgahawa wa njia panda, Babu aliinama akamnong'oneza binti yake kwamba yule bwana wa meza ya dirishani amevaa nywele zisizo zake. Mgahawa mzima uligeuka, na bwana yule akashika kichwa. Mhudumu akaja kwa kunyata, akamwinamia Mama: "Samahani, tunaomba mzee apunguze sauti kidogo." Babu hakusikia neno hata moja. Ila masikio yakilala, macho hubaki zamu. Aliona mhudumu alivyoinama, aliona Mama alivyotazama sahani, akaelewa yote.

Tangu siku hiyo alikula chumbani kwake. Alisingizia meno.

"Jumapili tunakwenda kula nje," Mama alitangaza mwanzoni mwa likizo. Alikuwa mfamasia, mwanamke aliyejua kipimo cha kila kitu isipokuwa cha sauti ya baba yake. "Babu akikataa tena, tutamwacha. Nimebembeleza hadi maneno yameniisha."

"Mama, mtu akizoea kuachwa, mlango wake huota kutu," alisema Wakili. "Nipe ruhusa nifanye uchunguzi."

"Uchunguzi wa nini?"

"Wa migahawa. Wa kisayansi kabisa."

"Usivunje kitu."

Jambo lililomkera Wakili, na kumtia udadisi zaidi ya kumkera, lilikuwa mabango. Kila mgahawa wa mtaa ule ulijiita rafiki wa familia. Na familia ya kwenye mabango ilikuwa ile ile: baba mwenye meno, mama mwenye meno, watoto wawili wenye maputo. Hakuna aliyewahi kumchora babu ambaye mnong'ono wake unatikisa glasi. Je, huyo naye ni familia? Swali kama hilo halijibiwi na bango. Ndipo akabuni mtihani wa kijiko: ukitaka kujua mahali patampokeaje mtu wa kelele, peleka kelele ndogo kwanza, ukae uone.

Mgahawa wa kwanza, wenye vitambaa vyeupe vya meza, ndio huo wa vigae. Kijiko kilipoanguka, mhudumu alifika kabla hakijatulia, akaweka kingine juu ya leso huku akitabasamu tabasamu la picha ya pasipoti. Wakili alimshukuru, akaandika sifuri moyoni.

Wa pili ulikuwa sebule ya nyumba ya kawaida nyuma ya duka la dawa la Mama: meza chache, zulia, na mapazia mazito yaliyoning'inia kila ukuta, hata palipokosa dirisha. Kijiko kiligonga mguu wa meza kabla ya kuzama kwenye zulia, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. Hata hivyo kila kichwa kiligeuka. Aligeuka mzee mwenye gazeti, wakageuka mama na mwanawe, akageuka na mwenye nyumba mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Wakili, aliyewahi kutazamwa na matroni bila kupepesa, alihisi masikio yakimwaka. Akanyanyuka, akaacha pesa mezani na juisi nusu glasi, akatoka. Huko, aliamua, Babu hatatia mguu.

Wa tatu ulikuwa na bembea, mteremko wa plastiki, muziki, na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto aliyekuwa akilia kwa furaha au kwa hasira, haikujulikana. Wakili aliangusha kijiko. Hakuna aliyegeuka. Aliangusha uma. Akaangusha, kwa ajili ya sayansi, sinia. Mhudumu alilivuka sinia kama mtu anavyovuka kidimbwi cha maji, akaendelea na safari yake.

"Hapa," Wakili alijiambia, na moyo wake ukapiga makofi.

Babu alikuwa kitandani akisafisha miwani alipoingia kumpa habari. Aliinamia sikio la kulia, ambalo lilikuwa bado na upenyo.

"Babu, Jumapili twende wote!"

"NANI AMEKUFA?"

"Hajafa mtu. Tunakwenda kula!"

"Meno, bibie. Meno."

"Meno yako yako kwenye glasi pale, na yanakusikia unavyoyasingizia."

Babu aliitazama glasi, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamtoka usoni. "Mimi nikifungua mdomo watu wanageuka kama alizeti. Nendeni nyinyi."

"Nimepata mahali ambapo hageuki mtu. Nimepima. Utafurahi, naapa."

"Na nisipofurahi?"

"Utanidai."

"Haya. Nisipofurahi nitatangaza hadharani habari ya soksi." Akanyoosha mguu wa kushoto, akauchezesha vidole. "Unadhani sijui ilikokwenda? Tangu ulipofunga sanduku ukarudi shule, mguu huu unalala na baridi."

Jumapili ilianza kwa ushindi. Babu alivaa koti lake la stesheni na kifaa chake cha kusikia, kile kidude alichozoea kukifungia kwenye kasha la miwani. Aliagiza kuku kwa sauti iliyowahi kusimamisha treni, na hakuna ukope uliotikisika. Wakili alimkonyeza Mama. Puto likapasuka, watoto wakapiga mayowe, muziki ukapanda. Mama akaanza kusimulia habari za jirani yao wa zamani, namna alivyoteleza bafuni akavunjika mkono.

"VIZURI SANA!" alisema Babu kwa uchangamfu. "Mpe hongera zake."

Mama aliweka uma chini. Babu alitazama uso wake, akajua amekosea, asijue amekosea wapi. Akaanza kutabasamu kwa kila mtu, kwa tahadhari, kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Baada ya muda alitoa kifaa sikioni, akakiweka kando ya chumvi, akainamia sahani yake. Hakusema neno tena. Alikuwa amerudi chumbani kwake, ila safari hii chumba kilikuwa kimejaa watu.

Walirudi kwa miguu. Mama alitangulia. Wakili alimshika Babu mkono, akangoja hadi kelele zikabaki nyuma yao na Babu akarudisha kifaa sikioni.

"Umeona, Babu? Hakugeuka hata mmoja."

"Hata mmoja," alikubali Babu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Hata wewe. Nilikuita unipe chumvi, nikakuita tena, nikanyoosha mkono mwenyewe."

Wakili alipunguza mwendo.

"Kidude hiki kikiwa sikioni," Babu aliendelea, "kila kijiko kinanipigia yowe. Nikikitoa, mnageuka samaki. Midomo inafunguka, midomo inafumba. Nami nakaa nahesabu mapovu."

Usiku Wakili aligeuka kitandani kama chapati kikaangoni. Kulipokucha alimwomba Babu kifaa chake, akaenda nacho jikoni, akakishikilia karibu na sikio. Kwanza kilipiga filimbi. Kisha kikatulia.

"Mama, angusha kijiko."

"Makusudi?"

"Kisayansi."

Mama aliangusha. Wakili akaruka. Halikuwa anguko, lilikuwa ni mlango wa chuma uliopigwa ndani ya fuvu lake. Alisimama pale, kidude kiganjani, akikitazama kijiko sakafuni. Kumbe muda wote huo alikuwa amewahoji mashahidi wa mtaa mzima, asimhoji mshtakiwa. Aliuliza ni nani atakayeivumilia sauti ya Babu. Hakuuliza Babu atamsikia nani.

Na hapo udadisi ukamrudia, mkali kuliko mwanzo. Kulikuwa na mahali kijiko kilipoanguka karibu bila sauti, na bado kila mtu akakisikia.

Mwenye mgahawa wa mapazia alimtambua kabla hajafika mlangoni.

"Dada wa kijiko," alisema. "Ulikimbia, juisi ikakusubiri hadi ikachoka."

"Shikamoo. Mlinitazama wote, mama."

"Marahaba. Kitu kilianguka, mwanangu. Ulitaka tutazame dari?"

Wakili alicheka bila kupenda. Aligusa pazia la karibu. Lilikuwa zito kama blanketi. "Kwa nini umeyatundika hata pasipo na dirisha?"

"Kabla ya kupika nilikuwa mshona mapazia. Yale ambayo wateja hawakuyachukua yakaishia ukutani. Mume wangu alisema tutaonekana tunaficha kitu." Aliinua mabega. "Kwani kuna nini?"

"Nina babu. Akinong'ona, haya yote yatatikisika. Watu watageuka."

"Watageuka," alisema mwenye mgahawa. "Wasigeuke, hilo siwezi kukuahidi."

Safari hii Wakili hakumwapia Babu lolote. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaongea na lile sikio lenye upenyo.

"Watageuka, Babu. Wote."

"Sasa niende nikafanye nini?"

"Sijui. Nataka kuona."

Babu aliteremsha miguu kitandani. Labda ni ule ukweli uliomvutia, maana katika nyumba ile, kwa mapenzi tu, alikuwa amedanganywa sana. Akaomba koti.

Walikaa meza ya kona. Zulia lilimeza nyayo zao, mapazia yakameza mengineyo. Mama alimsaidia Babu kutia kifaa sikioni, naye akabaki ameinamisha kichwa, akingojea yowe lianze. Halikuanza. Supu ikaja. Babu akaonja, akafumba macho, kisha akamwinamia binti yake kumnong'oneza.

"SUPU NI NZURI, LAKINI HUYU MAMA CHUMVI AMEIFUNGIA SANDUKUNI!"

Mapazia yalitikisika au Wakili aliwaza tu kwamba yalitikisika. Gazeti la mzee wa jirani lilishuka. Mteja mmoja na mwanawe waligeuka. Babu aliziona nyuso, na mabega yake yakaanza kurudi ndani ya koti.

"Nimepaza sauti?"

"Ha..." Mama alifungua kinywa kutoa dozi yake ya kila siku, ile "hapana, Baba" isiyoponya.

"Ndiyo, Babu," alisema Wakili.

"Wamesikia?"

"Hadi jikoni."

Na kutoka jikoni, nyuma ya pazia, mtu akaitikia: "Chumvi inakuja, mzee! Nimeupoteza ufunguo!"

Babu aligeuka.

Mama aliacha kijiko chake ndani ya supu, akamtazama baba yake aliyekuwa amegeuza kichwa, taratibu, sawasawa, kuelekea upande sauti ilikotokea, kama vichwa vyote vinavyogeuka vikiitwa. Alichukua leso, akapangusa meza ambayo haikuwa imechafuka.

Chumvi ikaja. Babu akatia, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaweka kijiko chini, akamtazama mjukuu wake kwa macho ya mtu aliyekumbuka kitu.

"Bibie, uliniapia kwamba kule kwenye bembea nitafurahi."

"Babu, tafadhali."

"Ahadi ni deni."

Akainuka. Akafunga vifungo vya koti, akasimama kama aliyesimama ukingoni mwa jukwaa, akavuta pumzi.

"MABIBI NA MABWANA! TANGAZO LINALOHUSU KENGELE YA SHULE NA SOKSI!"

Vichwa vyote viligeuka, na safari hii havikumgeukia Babu, maana mkono wake ulikuwa umenyooka ukimwonyesha Wakili. Binti aliketi wima, mikono mapajani, lakini uso ule mtakatifu ulikataa kuja ulipoitwa. Kijiko kikamponyoka. Kilizama kwenye zulia bila neno, naye hakuinama kukifuata.

Mzee wa jirani alikunja gazeti lake mara mbili, akaliweka kando, akasogeza kiti.

"Soksi ya mguu gani?" aliuliza.

Babu akageuza kwake sikio la kulia, akasikia. Kisha akamgeukia mjukuu wake, akangoja jibu.