Kilio cha Zakeyo Kumwenda

Miaka arobaini na minane NyaGondwe alikuwa mke wa mtu asiyekuwepo, na katika ukoo wa Kumwenda hakuna aliyeona ajabu. Mumewe Zakeyo alikwenda Joni, kusini kwenye migodi ya dhahabu, akapotelea huko. Mtu wa namna hiyo huitwa mchona: hakufa, hakurudi. Asiyekufa haliliwi, na asiyeliliwa hana mjane. Ng'ombe tisa wa mahari walishaingia zizini kwa baba yake NyaGondwe, kule Bolero, basi yeye ni wa hapa. Alime tumbaku hapa, azikwe hapa. Aliwahi kutoroka mara moja. Kaka zake wenyewe walimrudisha, wamemweka katikati kama mwizi wa kuku, maana walishaoa kwa ng'ombe wale wale.

"Nataka kulala karibu na mama yangu," alimwambia mjukuu wake wa kike, Tawonga. "Sina kingine ninachoomba duniani."

Tawonga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alijua kuandika barua. Alichokosa ni pa kuanzia kumtafuta babu, hai au mfu. Ukoo ulikuwa na hadithi moja tu, na mwenye hadithi hiyo ni Babu Yotamu, mdogo wake Zakeyo: kwamba kaka yake alikuwa karani wa mgodi, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. "Karani hafi ovyo," alipenda kusema pombe ikimkolea. "Karani hunenepa tu. Yupo huko na vimada wake." Kwa hiyo Tawonga aliandika kwa wenye migodi akimtafuta karani, miaka mitatu, na miaka mitatu akajibiwa kwamba karani wa jina hilo hayumo vitabuni.

Siku moja walikuwa wakibambua karanga, bibi akacheka peke yake.

"Babu yako alikuwa na vituko! Alipokuja likizo, ile mara moja, haingii nyumbani mpaka agonge boriti za paa kwa fimbo. Ko, ko, ko. Kichwa kaegemeza upande, anasikiliza. Mama mkwe akasema mwanawe karogwa."

Tawonga aliacha karanga. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Chizaso, jirani aliyerudi kutoka Joni na kikohozi kisichopona.

"Karani agonge paa?" Mzee Chizaso alicheka hadi akakohoa. "Mjukuu wangu, huyo alikuwa mpima mwamba. Asubuhi ndiye wa kwanza kuingia shimoni. Anagonga mwamba wa juu kwa chuma. Ukilia kama kengele, wenzake waingie. Ukilia kama mtungi mtupu, akimbie, kama miguu inamtosha. Ukarani! Sote tulijiita makarani tukirudi. Ungemwambia nani nyumbani kwamba kazi yako ni kutangulia kufa?"

Hivyo ndivyo vijana wa wilaya hii ya Mzimba walivyochukuliwa: blanketi moja, safari ya bure, kisha wakasukumwa chini ya ardhi wawe masikio ya matajiri. Tawonga aliandika tena, safari hii akiuliza wa shimoni. Jibu halikuchukua miezi miwili. Zakeyo Kumwenda, mpima mwamba, aliangukiwa na mwamba Agosti 1963. Hakutolewa. Sehemu ile ilizibwa kwa ukuta wa zege, yeye akiwa ndani. Taarifa ilipelekwa kwa ndugu mwaka ule ule, na nakala yake ilikuwa na sahihi ya mpokeaji: Yotamu Kumwenda.

Tawonga alimkuta Babu Yotamu kwenye banda la tumbaku, anakagua majani yaliyotundikwa na bibi.

"Karibu, mke wangu mdogo," alimtania. "Umekuja kunipikia?"

"Leo sina utani, babu. Sahihi hii ya nani?"

Yotamu aliiangalia karatasi. Hakukana.

"Ningefanyaje? Tungemlilia, mjane angekuwa na hiari ya kwenda zake. Mashamba haya angelima nani?"

"Umemfunga mtu maisha yake yote!"

"Nimemlisha."

"Amekulisha yeye!"

"Punguza sauti. Karatasi haina kaburi. Kilio huanzishwa na wenye mtu, na mwenye mtu hapa ni mimi. Mimi sijalia."

NyaGondwe alikuwa nyuma ya banda na kikapu kichwani. Alikitua. Hakumtazama shemeji yake. Alitembea hadi katikati ya uwanja, jua la saa sita likiwaka, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba.

"Nyamaza, mwanamke!" Yotamu alifoka.

Lakini yowe la msiba haliulizwi limeruhusiwa na nani. Michi ilinyamaza vinuni, nyumba baada ya nyumba. Wanawake walikuja na unga na kuni kichwani, wakaanza kulia kabla hawajajua wanamlilia nani. Wanaume walifika nyuma yao, na kama desturi ilivyo, walimwendea mkubwa wa ukoo kumpa mkono wa pole. Yotamu alificha mikono kwapani. Mzee Chizaso alisimama mbele yake, mkono umenyooka, akikohoa, bila kuushusha. Nyuma yake foleni ikarefuka. Watu wakaanza kutazamana. Mtu anayekataa pole ya ndugu yake huulizwa kama si yeye aliyemuua.

Yotamu alitoa mkono.

Siku ya tatu walimnyoa NyaGondwe nywele, kama anyolewavyo mjane. Tawonga alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akaleta baiskeli ya kukodi na mwenyewe hadi uwanjani. Bibi alibaki amekaa kizingitini.

"Twende, bibi. Uko huru."

"Nimesikia." Alipapasa kichwa chake kitupu. "Bolero yupo nani anayenijua?"

"Mama yako yupo."

"Kaburini, ndiyo. Nimemngoja mtu miaka yote hiyo, naye kumbe kazibiwa ukutani. Hata kugonga hakuna aliyemsikia."

Mwenye baiskeli alikohoa kwa adabu. NyaGondwe aliinua mkono, Tawonga akadhani anataka kuinuliwa. Alikuwa anaomba maji tu. Alikunywa, akarudisha kikombe, akaendelea kukaa.