Mgeni Hushika Ubao

Mzee Nyoosha hakuwa mtu wa kupigwa picha. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu tangu aanze useremala neno alilolitamka zaidi kuliko hata salamu lilikuwa "nyoosha". Nyoosha ubao, nyoosha msumari, nyoosha mgongo wewe! Sasa mafundi wenzake walikuwa wamemchagua mwenyekiti wa chama chao, na ukuta wa ofisi ulikuwa unasubiri sura yake. Alitaka kuwatumia picha ya zamani. Mkewe akaja juu: picha ataipiga binti yao, tena si ya zamani.

Mzee alikubali kwa shingo upande. "Nakuja mara moja tu," alimwambia binti kwenye simu. "Ikikataa, naenda kwa yule wa pale kwenye kona, anipige ya kitambulisho, yaishe."

Wa kwenye kona! Binti aliujua uzito wa neno hilo. Kesho yake mtaa mzima ungejua kwamba baba mzazi ameipita studio ya mwanawe na kwenda kukaa kwenye stuli ya jirani. Na kulikuwa na donda la zamani zaidi. Tangu aiache randa na kushika kamera, baba yake hakuwahi kuuita upigaji picha kazi. Aliuita kubonyeza. "Bado unabonyeza?" ndivyo alivyomjulia hali. Siku akiwa na uchungu alimwongezea methali, kwamba mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta, lakini wa kwake hasani wala havukuti. Neno "fundi" hakulitoa ovyo. Wapo waliofanya kazi chini yake mpaka wakaota mvi na hawakulipata. Binti alilelewa ndani ya maranda ya karakana ile, na maneno hayo yalimuuma sana.

Basi siku ilipofika alifagia studio, akafagia tena, akanyoosha kitambaa cha kijivu ukutani na kugeuza taa mpaka zikamridhisha. Mlangoni akabandika karatasi: KAZI INAENDELEA, TAFADHALI SUBIRI NJE. Alitaka utulivu, yeye na baba yake, basi.

Mzee aliingia na koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Akakaa kwenye stuli kama mtu anayesubiri hukumu.

"Shusha mabega kidogo, baba."

"Hayajapanda."

"Basi lainisha uso."

"Huu ndio uso wangu. Hakuna mwingine."

Simu yake ikalia mfukoni. Akaipokea hapohapo na kuanza kumgombeza mtu kuhusu bawaba za kabati, na kale kamwanga kadogo kalikokuwa kameanza kuingia machoni mwake kakazimika. Binti akanyoosha mkono. "Niazime hiyo, baba." Alipewa, lakini kwa kinyongo.

Hajakaa sawa nyuma ya kamera, mlango ukafunguka. Mgeni alipiga hodi akiwa tayari ndani, maana ndivyo alivyokuwa Kijiko, rafiki wa mzee tangu wakijifunza kazi pamoja. Waliomwita Kijiko hawakumwonea. Hakuna kitu alichokikuta kimetulia asikikoroge.

"Mwenyekiti! Mbona umekaa kama unanyolewa?"

"Baba mdogo, hukuona karatasi mlangoni?" binti aliuliza.

"Nimeiona. Imeandikwa vizuri sana."

Akaanza kuzunguka. Kivuli chake kikamkata mzee uso nusu, kiwiko chake kikaigonga taa moja ikayumba. Binti alitamani kumtoa, lakini utamtoaje mtu aliyekubeba mgongoni? Kabla hajapata jibu, sanduku la nguo likasukumwa mlangoni, na nyuma ya sanduku akaingia shangazi, dada mkubwa wa mzee, moja kwa moja kutoka safari. Hakuwa ameaga anakotoka wala kutoa taarifa anakokwenda.

"Mdogo wangu kawa mwenyekiti, nami nisikie kwa watu?" Akaenda mpaka kwenye stuli, akamshika mwenyekiti kidevu, akalowesha kidole kwa mate na kumlaza nyusi. Kijiko akacheka hadi akashika ukuta. Kitambaa cha kijivu kikadondoka.

Mzee akasimama. "Basi. Haya mambo hayana mpango. Usijisumbue, mwanangu, nitapitia pale kwenye kona."

Binti aliwatazama wote watatu. Baba yake alikuwa ameshafungua kifungo cha koti. Akikivuka kile kizingiti, ndiyo basi tena.

Hapo ndipo mikono yake ilipokumbuka kabla ya akili. Katika karakana ya baba yake hapakuwa na benchi la wageni. Aliyekuja kupiga soga alipewa ncha ya ubao ashike, awe jirani, awe askari. Hata yule bwana aliyekuja kumposa shangazi mdogo alishika ubao mpaka jioni, na ndivyo alivyokubaliwa. Mdomo uache, mzee alikuwa akisema, mikono ipe kazi.

"Baba, kaa," binti alisema.

Haikuwa sauti ya kuomba. Mzee akakaa, na yeye mwenyewe akaonekana kushangaa.

"Baba mdogo, njoo ushike hii." Akampa bodi pana nyeupe ya kurudishia mwanga. "Shangazi, pole na safari. Panda hapa kwenye kigoda unishikie kitambaa, kivute kisikunjike. Mdomo ruhusa. Miguu marufuku."

"Lo! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Kijiko akalalamika. "Mimi hata maji sijapewa!"

"Nyoosha, baba mdogo."

"Nimenyoosha."

"Hujanyoosha. Inua upande wa kulia. Nyoosha. Hapohapo, tulia."

Shangazi akaguna kule juu ya kigoda. "Jamani, huyu si kaka yangu mdogo kavaa gauni?"

Mzee hakucheka. Alimtazama Kijiko aliyekuwa akitoka jasho na bodi yake, akamtazama dada yake anayevuta kitambaa kwa utii ambao hakuwahi kuuona maishani. Kisha akamtazama binti yake. Alimtazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akiamuru wakubwa bila kuwavunjia heshima, na ule uso ambao haukuwa na mwingine ukafunguka wenyewe. Binti akabonyeza.

Alipomwonyesha, mzee aliinama juu ya kioo cha kamera kama anavyokagua kiungo cha meza, jicho moja limefumbwa.

"Hukuangalia kamera, baba. Ulikuwa unaniangalia mimi. Turudie?"

"Usiiguse," mzee alisema. "Hiyo imenyooka."

Binti aligeuka akajifanya anapanga nyaya. Fahari ilikuwa imemjaa usoni, na hakutaka Kijiko aione akapata la kukoroga.

Shangazi alikuwa bado anatafuta viatu alivyovivua ili apande kigodani pale wateja wa zamu iliyofuata walipoingia: mume, mke, mtoto anayelia kwa sauti ya king'ora, na ndugu wanne ambao hakuna aliyewaalika. Kijiko akaitua bodi chini, akatangaza kwamba mikono yake imestaafu, akalibeba sanduku la shangazi na kutoka naye. Binti alidhani baba yake amewafuata.

Alipogeuka, koti lililong'aa lilikuwa linaning'inia kwenye msumari. Mzee Nyoosha alikuwa amekunja mikono ya shati, na ameishika ile bodi nyeupe kwa mikono miwili.

"Haya," alisema, huku wageni wote wakisikia. "Nishike wapi, fundi?"